Mwendo wa Aliye Nyuma

Somo: Mwanzo 33:12–14



Katika sura ya 33 ya kitabu cha Mwanzo twasoma habari za ndugu wawili waliopatana baada ya miaka mingi ya uadui. Esau alikuja na watu 400, wenye nguvu wote. Yakobo alikuwa na wake zake, na watoto wadogo, na kondoo na ng'ombe waliokuwa wakinyonyesha. Walipokwisha kukumbatiana na kulia, Esau akamwalika nduguye waandamane njia moja. Mwaliko huo ulikuwa mwema, lakini Yakobo akaukataa kwa adabu. Alimweleza nduguye ya kuwa watoto ni wachanga, na wanyama wakiharakishwa hata kwa siku moja tu watakufa. Basi akamwomba Esau atangulie, naye atafuata taratibu, kwa mwendo ule ambao wanyama na watoto wanauweza.

Twajua ya kuwa Yakobo hakwenda Seiri kama alivyosema, wala hatumtetei katika hilo. Lakini neno lake juu ya watoto lilikuwa la kweli: katika safari ya watu wengi, mwenye nguvu siye apimaye mwendo. Tumelisoma neno hili mara nyingi, na mmoja wetu amelifundisha darasani. Hatukulifahamu ila mwaka jana, tulipokwenda mlimani siku mbili.

Sisi tunaoandika haya ni mtu na mkewe, tuliooana miaka 29 iliyopita. Mmoja wetu ni mwalimu wa kanisa. Mwingine ni mkulima wa migomba na kahawa, naye ni mzee wa kanisa katika usharika wetu. Maneno haya tumeyaandika pamoja mezani, mmoja akishika kalamu, na mwingine akikataza kila palipotiwa chumvi. Kwa hiyo twasema "sisi", hata pale ambapo kosa lilikuwa la mmoja.

Tumezaliwa chini ya mlima Kilimanjaro, nao twauona kila asubuhi tunapofungua mlango. Lakini kuuona mlima ni jambo moja, na kuupanda ni jambo jingine. Tangu Johannes Rebmann alipoiona theluji yake tarehe 11 Mei 1848, na wenye elimu kule Ulaya wakakataa kusadiki ya kuwa theluji yaweza kukaa karibu na ikweta, wageni wengi wamekuja kutoka mbali kuutazama. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. Na miongoni mwa watu wa hapa waliowaongoza njiani, hukumbukwa Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu. Mchungaji Richard Reusch wa Misioni ya Leipzig aliupanda mara nyingi, hata shimo la ndani juu ya Kibo likaitwa kwa jina lake. Tangu 1973 mlima ni hifadhi ya taifa, na kila mwaka maelfu ya watu hupita langoni. Lakini sisi tuliozaliwa hapa hatukuwa tumepita. Tangu usichana wake mke alikwenda kukata majani ya ng'ombe katika ule ukanda wa msitu uitwao Nusu Maili. Na huo ndio uliokuwa mwisho wa safari zetu za mlimani.

Mwaka jana watoto wetu, ambao sasa wote wana nyumba zao, walichanga fedha wakatuambia: "Baba, Mama, mmetusomesha, mmetuoza. Sasa nendeni mkapumzike siku mbili." Wakatulipia ada ya hifadhi, na kiongozi, na wapagazi wawili, tupande njia ya Marangu hata kambi ya Mandara, tulale usiku mmoja, asubuhi tulitazame shimo la Maundi, kisha tushuke. Wale waendao hata kilele cha Uhuru, penye meta 5,895, huihesabu Mandara kuwa mwanzo tu wa kazi, maana iko karibu na meta 2,700. Kwetu sisi ilikuwa safari kubwa.

Yatupasa kusema kweli yote. Watoto waliona ya kuwa tumechoka. Hawakujua ya kuwa nyumba yetu ilikuwa imenyamaza. Walipokuwapo, tulizungumza habari za ada za shule, na kipaimara, na harusi zao. Walipoondoka, tuliona ya kuwa hatuna neno la kuambiana. Tulisali pamoja jioni, tukala, tukalala. Hatukugombana. Waliopita njiani walisema, "Hiyo ni nyumba ya amani." Lakini iko amani ya watu waliopatana, na kiko kimya cha watu waliochoka kuitana.

Langoni pa Marangu tuliandika majina yetu kitabuni, na mizigo ikapimwa kwa mizani, maana sheria yasema mpagazi asitwikwe zaidi ya kilo 20. Wapagazi hao huitwa "wagumu" mlimani, na jina hilo wanastahili. Kiongozi wetu alikuwa kijana aliyepata kipaimara katika usharika wa jirani. Alituamkia, akatupa mkono kwa mikono yake miwili, kisha akasema: "Baba na Mama, mlimani sheria yangu ni moja. Aliye mzito wa mwendo ndiye atanguliaye. Wengine wote hufuata nyuma yake."

Mume akacheka, akasema: "Mwanangu, nimezunguka mitaa yote ya usharika wetu kwa miguu tangu hujazaliwa. Miguu hii yajua njia."

Kijana akajibu kwa heshima: "Ndiyo, Baba. Lakini wenye miguu mizuri ndio tunaowashusha kwa machela."

Akatueleza ya kuwa kadiri mtu apandavyo ndivyo hewa ipungukavyo uzito, hata kileleni kila pumzi ina kama nusu tu ya ile tuipatayo pwani. Maradhi ya mlimani huanza kuwapata watu tangu kama meta 2,500, wala hayachagui mnyonge na kumwacha mwenye nguvu. Mara nyingi huwashika vijana waliokwenda mbio siku ya kwanza, kwa kuwa mwili haukupewa nafasi ya kuzoea. Ndiyo sababu kila apandaye huambiwa "pole pole" tangu langoni, hata wageni wasiojua neno jingine la Kiswahili hulijua hilo.

Basi tukaanza saa nne asubuhi, mke mbele, mume nyuma, na kijana akifuata. Njia yapita katika msitu mkubwa wenye maji, miti imevikwa kuvu lililoning'inia kama ndevu za wazee, na juu yake mbega waliruka na mikia yao myeupe. Mke ana goti la kushoto linalomsumbua. Alikwenda hatua kumi, akasimama. Akaenda tena, akasimama. Tulipofika mahali pa kupumzikia, katikati ya njia, mume hakuweza kuvumilia tena. Alisema, "Nitatangulia kidogo, nitawangoja mbele." Akaenda zake. Alifika Mandara saa nane. Mke alifika saa tisa u nusu, akimshika kijana mkono. Mume alikuwa amekwisha kunywa chai. Akasema, "Pole, Mama." Mke akajibu, "Asante." Hayo ndiyo maneno tuliyoambiana mchana kutwa. Usiku tukalala katika vile vijumba vya mbao ambavyo paa zake hushuka hata karibu na ardhi, baridi ikatushika, wala hatukusema neno.

Asubuhi yake, kabla ya jua, tulipaswa kwenda Maundi, mahali ambapo mbingu zikiwa safi mtu huona Kibo na Mawenzi juu yake, na nchi tambarare ya Kenya chini yake. Si mbali na kambi. Mke akasema, "Mningoje, goti halijapata moto." Mume akajibu, "Utatukuta." Akatoka na kijana. Hata nusu ya njia hawajafika, ukungu ukashuka mzito. Kijana akasimama, akasema, "Baba, kaa hapa, usiondoke. Nitarudi kumchukua Mama." Mume hakukaa. Akapanda peke yake hata ukingo wa shimo.

Hapo hakuona kitu. Hakuona Kibo, wala shimo, wala njia aliyoijia. Akaita, na sauti yake ikazama katika ukungu kama jiwe katika maji. Alikaa hapo kwa kitambo, akaanza kuogopa, naye ni mtu ambaye hufundisha wengine wasiogope. Mwisho akasikia fimbo ikigonga mawe, hatua kumi, kisha kimya. Hatua kumi, kisha kimya. Akautambua mwendo ule kabla ya kumwona mtu.

Mke alipofika aliketi katika nyasi zenye umande, akitafuta pumzi. Mume, kwa kutaka kuficha hofu yake, akasema: "Mama, umechelewa. Ukungu umekwisha kuufunika mlima."

Mke akanyamaza kwanza. Kisha akasema: "Mwalimu, mimi huchelewa siku zote. Hata yule mtoto nilichelewa kumlilia. Nilipoanza, wewe ulikuwa umekwisha kumaliza."

Ndugu wapenzi, yafaa mjue neno hili lilitoka wapi. Katika mwaka wa tatu wa ndoa yetu tulipata mtoto wa kiume. Aliishi siku 9. Siku ya 8 alipozidiwa, bibi yake alimbatiza kwa haraka, kama kanisa letu linavyomruhusu Mkristo kufanya penye hatari ya kufa. Tulimzika kihambani, kati ya migomba. Siku ya tatu baada ya mazishi mume alirudi kazini, maana darasa la kipaimara lilikuwa likimngoja. Kabla ya kutoka alimkuta mkewe ameketi sakafuni, ameishika kanga aliyofungwa mtoto. Akamwambia lile neno la Ayubu la Bwana kutoa na kutwaa, akaongeza ya kuwa yatupasa kuwa na tumaini. Kisha akaenda zake. Tangu siku hiyo jina la mtoto halikutajwa katika nyumba yetu. Watoto wengine wakazaliwa. Mke akanyamaza, na mume akadhani ya kuwa kunyamaza ni kufarijika.

Mume naye hakukosa huzuni. Alimlilia mtoto njiani, mahali pasipo watu, akiogopa ya kuwa akisimama nyumbani hataweza kuondoka tena. Kwa hiyo alikwenda mbio. Lakini hilo hakulisema siku zile, na mkewe alijuaje? Aliuona mgongo wake tu.

Asubuhi ile, katika ukungu, mke alilitaja jina la mtoto. Kijana alisikia, akajitenga hatua chache akatugeuzia kisogo. Mungu ambariki kwa adabu yake. Mume alitafuta neno la Maandiko la kusema, naye anayajua mengi. Hakupata hata moja. Basi akaketi katika nyasi karibu na mkewe, tukalia sote wawili, wa pamoja kwa mara ya kwanza, miaka 26 baada ya mazishi.

Mtatuuliza: je, ukungu uliondoka, mkauona mlima? La. Hatukuuona. Tulishuka bila kuiona Kibo, nasi hatujutii.

Katika kushuka mke alitangulia, na mume akafuata nyuma yake njia yote. Hapo aliona mambo ambayo hakuyaona alipopanda. Aliona kando ya njia lile ua dogo jekundu lenye mkia wa manjano, ambalo wataalamu huliita Impatiens kilimanjari, wakisema ya kuwa halioti kwa asili yake mahali pengine duniani ila katika mlima huu. Na aliona jinsi mkewe anavyotembea: jinsi anavyouweka mguu wa kushoto kwa ubavu, na jinsi anavyojishika kiunoni kabla ya kuteremka penye jiwe. Miaka 29 walikuwa wamekwenda kanisani na shambani na msibani, naye alikuwa hajapata kuuona mwendo huo, kwa kuwa siku zote alikuwa mbele.

Langoni aliyekuwa na kitabu alituuliza, "Mlifika kileleni?" Tukajibu, "La, tulifika Maundi." Akaandika saa ya kutoka. Wanaofika juu hupewa hati, sisi hatukupewa. Jioni ile, tulipofika nyumbani, mume alichuma jani la isale penye mpaka wa kihamba, akamletea mkewe kwa mikono miwili, kama walivyofanya babu zetu wa Uchaga mtu alipomkosea mwenzake na kutaka kusamehewa. Mke akalipokea. Kisha tukaenda pamoja hata lile kaburi kati ya migomba, tukapalilia majani, tukasali Baba Yetu.

Hizo ndizo habari zetu. Sasa tuyatazame mafundisho yake.

Kwanza, upesi wetu si imani. Yule mume alidhani ya kuwa ana imani nyingi kwa sababu aliinuka siku ya tatu. Lakini angalieni: Ayubu alilinena neno lile juu ya watoto wake mwenyewe, baada ya kurarua vazi lake na kuanguka chini. Hakulitumia kumnyamazisha mtu mwingine. Na wale rafiki zake watatu, kabla ya kukosea, walifanya jambo moja jema: waliketi pamoja naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno, maana waliona ya kuwa maumivu yake ni makubwa. Walipoanza kueleza, ndipo walipopotea, hata Mungu akawakemea mwisho wa kitabu. Kadhalika Mtume Paulo, alipowaandikia Wathesalonike habari za waliolala, hakuwakataza kuhuzunika. Aliwakataza huzuni isiyo na tumaini. Na Bwana wetu mwenyewe, penye kaburi la Lazaro, alijua ya kuwa baada ya kitambo kidogo atamwita naye atatoka. Walakini alilia pamoja na Mariamu. Ikiwa yeye ajuaye mwisho wa mambo alisimama akalia, sisi tusioujua twakimbilia wapi?

Pili, katika ndoa mtu aweza kuivunja amri bila kutoka nyumbani. Tunapofundisha amri ya sita katika Katekisimo Ndogo, watoto hufikiri uzinzi tu. Lakini Martin Luther katika maelezo yake hakuishia katika kukataza. Alieleza ya kuwa mume na mke wanatakiwa kupendana na kuheshimiana. Basi mume asiyemwacha mkewe kwa mwanamke mwingine, lakini amwachaye nyuma katika huzuni yake, ameishika nusu ya amri. Na Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, mstari wa 7, awaagiza waume wakae na wake zao kwa akili na heshima, naye ataja sababu ambayo sisi walimu wa kanisa ingetupasa kuiogopa: kwamba sala zetu zaweza kuzuiliwa. Tulisali kila jioni miaka mingi. Hatusemi ya kuwa Mungu hakutusikia. Twasema ya kuwa kulikuwa na sala moja ambayo hatukuthubutu kuileta mbele zake, kwa kuwa hatukuthubutu kuileta mbele ya mwenzetu.

Itazameni theluji ya Kibo. Walioipima barafu yake wasema ya kuwa tangu 1912 hata 2000 kama sehemu 4 katika 5 zimetoweka. Hakuna mtu aliyesikia mshindo. Sisi tulioamka kila siku chini yake hatukuona siku moja ya kusema, "Leo imepungua." Ndivyo upendo wa nyumbani unavyoondoka: bila ugomvi, bila mshindo, siku kwa siku, hata mtu ainue macho na kuona jiwe tupu. Asiyegombana na mwenzake asijisifu kwa hilo tu. Na amwulize.

Wala wake wasidhani ya kuwa neno hili ni la waume peke yao. Yule aliye mke kati yetu ametaka tuandike hivi: kunyamaza kwake nako kulikuwa na kosa. Alisema moyoni, "Kama angenipenda, angejua." Akamtakia mumewe elimu aliyo nayo Mungu pekee. Aliye nyuma ana haki ya kungojwa. Lakini naye yampasa kuita.

Tatu, na hili ndilo neno kubwa kuliko yote: Bwana wetu hatuachi nyuma. Kama neno letu lingekoma katika kuambiana "tembeeni taratibu", lingekuwa sheria tu, na sheria peke yake humchosha mtu. Kumbukeni siku ile ya ufufuo, katika sura ya 24 ya Luka. Kristo alikuwa amekwisha kuishinda mauti. Kulikuwa na malaika wa kumtukuza na mataifa ya kuhubiriwa. Naye alifanya nini alasiri ile? Aliandamana na watu wawili wenye nyuso za huzuni katika njia ya kwenda Emau, akaufuata mwendo wao. Aliwauliza wanazungumza nini, ingawa alijua. Akawaacha waseme habari yote tangu mwanzo, ndipo akawafungulia Maandiko. Kwanza alitembea, kisha alisikia, kisha alifundisha. Mume wa habari yetu aliyapindua hayo: alifundisha kwanza, wala hakusikia, kisha akatembea peke yake.

Na nabii Isaya, katika sura ya 40, alitabiri ya kuwa Mchungaji huyo atawachukua wana-kondoo kifuani, na wale wanyonyeshao atawaongoza kwa upole. Yakobo aliyajua hayo kama mchungaji wa wanyama. Kristo anayatimiza kama Mchungaji wa roho zetu. Mimi na wewe tu wazito wa mwendo katika imani. Angetuacha, nani angemlaumu? Lakini yeye hupima mwendo wa kundi lake kwa aliye nyuma. Mtoto aliyeishi siku 9, ambaye hakupata kutembea hata hatua moja, alichukuliwa kwa maji ya ubatizo na neno la Mungu, akafika kabla yetu sote. Hilo ndilo tumaini letu, nasi sasa twaweza kulisema wawili pamoja.

Nne, twataka kusema na walimu wenzetu na wazee wa sharika. Desturi yetu katika misiba ni njema: twaja wengi, twaimba, twachanga, twalala matanga. Lakini matanga yakiisha, twaondoka wote siku moja, na nyumba inabaki na kimya chake. Mama aliyefiwa hapo ndipo anapoanza safari yake, nasi tumekwisha kufika kambini na kunywa chai. Basi twashauri mambo madogo. Baada ya mwezi mmoja mzee wa mtaa arudi katika nyumba ile, si kwa hotuba bali kwa kuketi. Alitaje jina la marehemu. Asiogope machozi yatakayotoka. Hakuyaleta yeye, yalikuwamo. Na mtoto mchanga aliyekufa asihesabiwe kuwa msiba mdogo kwa sababu kaburi lake ni dogo.

Tena katika darasa la kipaimara, yuko daima mtoto mmoja ambaye hashiki mafundisho upesi. Mara nyingi twapima mwendo kwa yule wa kwanza anayejibu, tukajisifu ya kuwa darasa limemaliza kitabu. Mjaribu kumweka yule mzito mbele kwa mwezi mmoja, na wengine wamsaidie. Hamtamaliza kitabu upesi. Lakini hamtampoteza mtu katika ukungu.

Na nyumbani, enyi waume, Jumapili ijayo mwendapo kanisani, mkeo na atangulie. Fuata nyuma yake, utazame jinsi anavyotembea. Pengine utaona goti ambalo hukulijua. Mkifika mmechelewa wimbo wa kwanza, mchungaji atawasamehe. Na akiwauliza sababu, mwambieni ya kuwa mlikuwa mkifuata sheria ya mlima.

Meyer mwenyewe alipokuja mara ya kwanza, 1887, hakufika kileleni, akarudi. Hata 1889, tarehe 3 Oktoba, yeye na mwenzake walifika ukingo wa juu wamechoka, wakashuka tena kwanza kupumzika, ndipo wakafika tarehe 6. Basi kurudi nyuma si kushindwa. Aliyemwacha mwenzake njiani, hata kama ni miaka 26 iliyopita, bado aweza kurudi akamtafute. Atamkuta anakuja, hatua kumi, kisha kimya, hatua kumi, kisha kimya. Na amngoje.

Bwana Yesu Kristo, uliyetembea na wawili katika njia ya Emau, utembee nasi katika nyumba zetu. Uwazuie wanaokimbia, uwatie nguvu walio nyuma, na utufikishe wote pamoja. Amina.